Flopi ya kuwashia DOS: kuitengeneza, kuipunguza mzigo na kuihamishia kwenye CD au flashi

Chukua flopi tupu, nakili mafaili ya DOS (mfumo wa zamani wa kompyuta unaoendeshwa kwa kuandika amri), yaani COMMAND.COM, IO.SYS na MSDOS.SYS, kwa mfuatano huo na kwa amri ya COPY, iache ndani ya kompyuta na uwashe. Kioo kitakujibu hivi:

Non-System disk or disk error
Replace and press any key when ready

Mafaili yote matatu yamo, tena ni mazima. Kilichokosekana ni mpangilio, na hapo ndipo wengi wanapokwama kwa sababu wamezoea kwamba faili likiwepo kwenye diski basi limefika.

Kompyuta inapowaka, BIOS, ile programu ndogo iliyomo ndani ya ubao wake, haijui faili wala folda. Inachojua ni kusoma sekta ya kwanza kabisa ya flopi, baiti 512 tu, kuiweka kwenye kumbukumbu mahali paitwapo 7C00, na kuikabidhi usukani. Baiti mbili za mwisho za sekta hiyo huwa 55 na AA, alama kwamba kuna kitu cha kuendeshwa. Baiti 512 ni ndogo kuliko ujumbe mmoja mrefu wa salamu za sikukuu, kwa hiyo programu iliyobanwa humo haina nafasi ya kuwa na akili nyingi. Ile ya MS-DOS hutazama orodha ya mafaili ya saraka kuu na kusoma majina mawili ya kwanza pekee. La kwanza lazima liwe IO.SYS, la pili MSDOS.SYS. Yakiwa ya tatu na ya nne, kwake hayapo.

Majina yakikaa sawa, IO.SYS hupanda, humwita mwenzake MSDOS.SYS, husoma CONFIG.SYS (faili la mipangilio na draiva) kama ipo, kisha huita COMMAND.COM, ambayo nayo husoma AUTOEXEC.BAT (orodha ya amri za kuanzia). Pasipo AUTOEXEC.BAT utaulizwa tarehe na saa, ubonyeze Enter mara mbili, na A:\> itajitokeza. Ukijua mnyororo huu unaweza kutambua tatizo lolote la flopi ya kuwashia kwa kuangalia tu ilikwamia kiungo gani. Maneno "Starting MS-DOS..." yakitokea, sekta ya kwanza na IO.SYS ni salama, na kosa litafutwe mbele ya hapo.

Toleo gani

MS-DOS 6.22 ya mwaka 1994 ndiyo ya mwisho ambayo Microsoft iliiuza peke yake. Baada yake DOS ilijificha ndani ya Windows: 7.0 kwenye Windows 95, 7.10 kwenye Windows 98, na 8.0 kwenye Windows Me. Tofauti inayokuhusu ni moja. Kati ya namna za kupanga mafaili kwenye diski, 6.22 inaelewa FAT12 na FAT16 tu, na kizigeu (sehemu ya diski) kisichozidi GB 2. Ukiiwashia kompyuta yenye diski ya FAT32, diski hiyo haitaonekana kabisa, na ni rahisi kudhani imekufa. Kwa FAT32 unahitaji 7.10 au FreeDOS. NTFS, mpangilio wa Windows za kisasa, haionekani kwa yoyote kati yao bila programu ya ziada.

FreeDOS, DOS mbadala isiyo ya Microsoft, ilianzishwa mwaka 1994 na Jim Hall, Mmarekani, ilipodhihirika kwamba Microsoft inaelekea kuiacha DOS. Toleo la 1.0 lilitoka 2006, na mradi ungali hai hadi leo. Ni huru na bure. MS-DOS 6.22 si bure hata kama inazagaa kila mahali mtandaoni. Misimbo ambayo Microsoft imeifungua kwa umma ni ya matoleo ya zamani zaidi kama 1.25, 2.0 na 4.00.

Ushauri wetu: kama kazi ni kusasisha BIOS au kufomati diski, tumia FreeDOS, usijitafutie kazi ya ziada. Kama unafufua kompyuta iliyokuwa na 6.22, au kuna programu ya mahesabu ya enzi za Clipper (lugha ya kuandikia programu za DOS) inayopaswa kuendelea kufanya kazi, baki na 6.22 ileile. Usichanganye. COMMAND.COM ya toleo moja ikikutana na IO.SYS ya toleo jingine utaambiwa "Bad or missing Command Interpreter", na FORMAT au SYS ya toleo jingine itakukatalia kwa "Incorrect DOS version".

Kuitengeneza

Ukiwa mbele ya kompyuta inayoendesha DOS 6.22, amri ni moja:

FORMAT A: /U /S

Hiyo /S ndiyo inayoandika sekta ya kwanza na kuyapanga mafaili ya mfumo mahali pake. Watu huisahau /U, na flopi za zamani zinaihitaji kuliko kitu chochote. Tangu toleo la 5, FORMAT ya kawaida kwenye flopi iliyokwisha kufomatiwa haiandiki upya njia zake, yaani miduara ya sahani inayobeba data. Husafisha orodha ya mafaili tu na kuacha mlango wa kurudisha yaliyofutwa. Flopi ya miaka 30 imefifia sumaku, na ukiiandikia juu ya alama zilizofifia itasomeka leo, mwezi ujao ikugomee. /U huchora njia zote upya. Itakuchukua kama dakika mbili, vumilia.

Kama flopi tayari imefomatiwa na ni tupu, SYS A: inatosha.

Huna kompyuta yenye DOS iliyosakinishwa? Flopi ya kwanza ya usakinishaji wa 6.22 yenyewe inawasha. Programu ya Setup ikitokea, bonyeza F3 mara mbili, utatoka hadi kwenye mstari wa amri. Mafaili mengi kwenye flopi hizo yamebanwa, na utayatambua kwa alama ya _ mwishoni mwa jina, kama HIMEM.SY_. Kulibadilisha jina pekee hakusaidii. Lazima lifunguliwe:

EXPAND HIMEM.SY_ HIMEM.SYS

Ukimaliza, utakuta kwenye flopi IO.SYS ya baiti 40,774, MSDOS.SYS ya 38,138 na COMMAND.COM ya 54,645. Mbili za kwanza zimefichwa, tumia DIR /A kuziona. Mara nyingi kuna na ya nne, DRVSPACE.BIN, baiti 66,294, ambayo kazi yake ni kusoma diski zilizobanwa kwa DriveSpace. Kama diski ya kompyuta haikubanwa, na siku hizi ni nadra kuikuta hivyo, huyo ni abiria asiye na tiketi:

ATTRIB -R -S -H A:\DRVSPACE.BIN
DEL A:\DRVSPACE.BIN

Hesabu ya nafasi ni muhimu, maana flopi inajaa upesi. Flopi ya inchi 3.5 ina njia 80 kila upande, pande mbili, sekta 18 kwa njia: sekta 2,880 za baiti 512. Toa sekta 33 za mwanzo zinazoshikwa na sekta ya kuwashia, nakala mbili za jedwali la FAT na saraka kuu, unabaki na baiti 1,457,664. Mafaili matatu ya mfumo yanakula takriban 134,000, kwa hiyo una zaidi ya milioni 1.3 za kuchezea. (Jina "MB 1.44" lenyewe ni hesabu ya ajabu: 1,440 mara 1,024. Si megabaiti ya mwanahisabati wala ya fundi kompyuta.)

Cha kuweka na cha kuacha

Kosa kubwa ni kuijaza flopi kila kitu kwa sababu nafasi ipo. Flopi nzuri ya kuwashia hutengenezwa kwa kazi moja. Ya kusasisha BIOS inatakiwa iwe tupu kabisa: mafaili matatu ya mfumo, programu ya kuandikia na faili la BIOS. Hakuna CONFIG.SYS, hakuna draiva ya kumbukumbu HIMEM, na mwenzake EMM386 usiisogeze karibu, kwa sababu EMM386 huiweka prosesa katika hali ya ulinzi na programu nyingi za kuandika BIOS hukataa kufanya kazi hapo, au, baya zaidi, hukubali kisha zikaishia njiani. Ukikuta flopi ina CONFIG.SYS na huwezi kuifuta, bonyeza F5 mara tu "Starting MS-DOS..." inapotokea. F5 huruka CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT zote mbili. F8 hukuuliza mstari mmoja mmoja.

Flopi ya fundi, ya kutengeneza diski na kusakinisha, weka FDISK.EXE, FORMAT.COM, SYS.COM, ATTRIB.EXE, XCOPY.EXE, DELTREE.EXE, MEM.EXE na SCANDISK.EXE pamoja na SCANDISK.INI yake. Kuhusu EDIT.COM kuna mtego: kwenye 6.22, EDIT si programu kamili, ni ufunguo tu wa kumfungulia QBASIC.EXE. Ukiibeba peke yake utaambiwa QBASIC haipatikani, nayo ni kubwa, karibu baiti 195,000. Kwa kurekebisha mistari miwili mitatu, COPY CON CONFIG.SYS inatosha: andika, maliza kwa Ctrl+Z na Enter.

SMARTDRV.EXE, inayotumia kumbukumbu kuharakisha diski, wengi huiona anasa. Jaribu kusakinisha Windows XP kwa kuita WINNT.EXE kutoka DOS bila hiyo, na kazi ya dakika chache ya kunakili itageuka saa nyingi. Ila kabla ya kuzima au kuchomoa, andika SMARTDRV /C ili iandike yaliyobaki kwenye kumbukumbu.

Kiswahili chenyewe hakina masharti hapa. Herufi zetu zote zimo kwenye ukurasa wa herufi 437 uliomo ndani ya kadi ya video, hata ng' inatosheka na alama ya kawaida, kwa hiyo mafaili ya kubadilisha herufi za kioo, EGA.CPI na DISPLAY.SYS, hayahitajiki. Kibodi ndiyo huleta kero. DOS bila KEYB, programu ya kupanga kibodi, hudhani kibodi ni ya Kimarekani. Mwenye kibodi ya Kiingereza cha Uingereza ataona " na @ zimebadilishana mahali, jambo linalovumilika. Lakini aliyeko Lubumbashi au Bujumbura na kibodi ya AZERTY atalazimika kubonyeza Q na kisha Shift+M ili apate A: kwenye kioo. Beba KEYB.COM na KEYBOARD.SYS, na uandike kwenye AUTOEXEC.BAT:

KEYB FR,,A:\KEYBOARD.SYS

CD na menyu

6.22 inakuja na MSCDEX.EXE, lakini haiji na draiva ya kiendeshi cha CD. MSCDEX ni mkalimani kati ya DOS na draiva hiyo, anahitaji mtu wa kumkalimania. OAKCDROM.SYS, inayopatikana kwenye flopi ya kuwashia ya Windows 98, inaelewana na karibu viendeshi vyote vya IDE (kiunganishi cha zamani cha diski na CD). VIDE-CDD.SYS hufanya kazi ileile kwa kumbukumbu ndogo zaidi, na programu zinazogombea KB 640 za mwanzo zitakushukuru.

Kwa kuwa flopi moja wakati mwingine lazima iwe safi na wakati mwingine iwe na CD, tumia menyu ambayo CONFIG.SYS inaijua tangu toleo la 6.0:

[MENU]
MENUITEM=SAFI,Bila draiva yoyote
MENUITEM=CD,Pamoja na CD
MENUDEFAULT=SAFI,10

[SAFI]

[CD]
DEVICE=A:\HIMEM.SYS /TESTMEM:OFF
DOS=HIGH
FILES=30
BUFFERS=20
LASTDRIVE=Z
DEVICE=A:\RAMDRIVE.SYS 2048 /E
DEVICE=A:\OAKCDROM.SYS /D:MSCD001

Na AUTOEXEC.BAT:

@ECHO OFF
PROMPT $P$G
PATH A:\
GOTO %CONFIG%
:CD
A:\MSCDEX.EXE /D:MSCD001 /L:R
:SAFI

Jina lililochaguliwa kwenye menyu huwekwa katika CONFIG, ndiyo maana GOTO inajua pa kwenda. Sekunde kumi zikipita bila jibu, flopi inawaka safi. Hivyo ndivyo inavyofaa, kwa kuwa draiva ndiyo hugandisha kompyuta usiyoijua.

Jina MSCD001 ni la kubuni, ungeweza kuandika JUMA, ila lazima lifanane herufi kwa herufi sehemu zote mbili. Lisipofanana MSCDEX itasema haikuona draiva, na utaanza kulaumu kebo. LASTDRIVE nayo isisahaulike: bila hiyo DOS kwa kawaida huishia herufi E, na R uliyoiomba haitakuwepo. Tumeipa CD herufi ya mbali makusudi, kwa sababu RAMDRIVE, diski ya kujifanya iliyomo kwenye kumbukumbu, hujichukulia herufi inayofuata baada ya diski, na CD iliyozoeleka kuwa D hujikuta imesukumwa hatua moja. Waliotumia flopi ya Windows 98 wanaijua fujo hii.

Diski hiyo ya kwenye kumbukumbu ina faida nyingine. COMMAND.COM hujigawa sehemu mbili, na sehemu moja hukubali kufutwa na programu kubwa halafu husomwa upya. Ukiwa umetoa flopi, unaambiwa uirudishe. Dawa ni kuinakili kwenye RAMDRIVE na kuielekeza huko COMSPEC, inayoiambia DOS mahali COMMAND.COM ilipo. Kama RAMDRIVE imepata D:

COPY A:\COMMAND.COM D:\
SET COMSPEC=D:\COMMAND.COM
SET TEMP=D:\

Mstari wa mwisho unahitajika ukishafungua kitundu cha kuzuia kuandika, na lazima ukifungue: virusi vya sekta ya kwanza kama Michelangelo, kilichopangwa kulipuka tarehe 6 Machi, vilisambaa kwa flopi zilizosahauliwa ndani ya kiendeshi, hata zisizo na mfumo. Ila flopi iliyozuiwa kuandikwa ina ugeni wake. Amri ya DIR | MORE itashindwa, kwa sababu DOS hutengeneza faili la muda kwa kila alama ya |, na haina pa kuliandika. Tumia DIR /P, au TEMP kama hapo juu.

HIMEM.SYS ya 6.22 ina kikomo chake pia: haioni zaidi ya MB 64 hata kompyuta ikiwa na kumbukumbu mara kumi ya hiyo. Kwa kazi za DOS hizo zinatosha na kusaza, usihangaike.

Flopi yenyewe, kiendeshi na kebo

Ikisema "Invalid media or Track 0 bad - disk unusable", njia ya kwanza imeharibika na hakuna mahali pengine pa kuiweka sekta ya kuwashia. Jaribu FORMAT /U mara moja zaidi, ikirudia, tupa. Sekta mbovu katikati zinavumilika, za mwanzo hazivumiliki.

Kabla ya kutupa, hakikisha si kiendeshi. Fungua kifuniko cha chuma cha flopi, zungusha sahani taratibu na uiangalie kwenye mwanga. Mwambao kuna unyevu, na flopi zilizokaa kabatini huota ukungu wenye madoa ya kijivu. Flopi kama hiyo ukiiingiza, inapaka uchafu vichwa vya kusomea, na vichwa hivyo vinaharibu flopi nzima inayofuata. Flopi moja inaweza kuua kumi. Safisha vichwa kwa pamba ya kijiti iliyolowa alkoholi ya isopropili, kwa mkono mwepesi, usivisukume pembeni.

Flopi ya MB 1.44 ina matundu mawili kwenye pembe, ya KB 720 ina moja. Wapo waliotoboa tundu la pili ili wapate nafasi mara mbili. Hufanya kazi kwa muda, kisha data huyeyuka, kwa kuwa utando wa sumaku wa aina hizi mbili haufanani. Usiifanye flopi hiyo kuwa ya kuwashia. Kwa zile kubwa za inchi 5.25 tatizo ni upana wa njia: kiendeshi cha MB 1.2 huandika njia nyembamba kuliko cha KB 360, na flopi iliyoandikwa humo mara nyingi haisomeki kwenye cha zamani.

Flopi ikifanya kazi kwenye kompyuta iliyoitengeneza na kugoma kwenye nyingine, vichwa vya viendeshi viwili havijalingana. Ikiwezekana, ifomati kwenye kiendeshi kilekile kitakachoisoma.

Taa ya kiendeshi ikiwaka moja kwa moja bila kuzima tangu umeme unapoingia, kebo imechomekwa kinyume. Geuza upande mmoja. Kebo ya flopi ya pini 34 ina sehemu iliyosokotwa, na kiendeshi kilicho mwishoni, baada ya msokoto, ndicho A:. Kilicho kabla ya msokoto ni B:, na BIOS haiwashi kutoka huko. Na kama kompyuta haioni kabisa kiendeshi kila asubuhi, betri ya ubao imekwisha, mara nyingi CR2032 ya volti 3, na BIOS imesahau aina ya kiendeshi na mpangilio wa kuwasha.

Pasipo kiendeshi cha flopi

Siku hizi kazi nyingi huanzia kwenye Linux au Windows ya kisasa, na flopi huwa faili moja la baiti 1,474,560, nakala ya sekta zote kwa mfuatano. Liite dos.img. Usianze na faili tupu la MS-DOS na kuyamimina mafaili ndani yake, utarudi kwenye kosa la mstari wa kwanza wa makala hii. Hata jina la diski likiandikwa mapema linakalia nafasi ya kwanza ya saraka na kumsukuma IO.SYS awe wa pili. Anza na nakala ya flopi inayowasha, kisha ongeza vyako kwa mtools, zana za Linux za kushughulikia diski za DOS:

mcopy -i dos.img CONFIG.SYS ::
mdir -i dos.img ::

Mafaili ya maandishi yaliyoandikwa kwenye Linux yapitishe kwanza kwenye unix2dos, kwa sababu DOS hutarajia herufi mbili za kufunga mstari, si moja. Mwenye Windows na aangalie Notepad isimpachikie .TXT mwishoni, CONFIG.SYS.TXT haitasomwa na yeyote.

Ijaribu kabla ya kuichoma popote, kwa QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima:

qemu-system-i386 -m 16 -fda dos.img -boot a

Kuiandika kwenye flopi halisi:

dd if=dos.img of=/dev/fd0 bs=18k

Kiendeshi cha flopi cha USB hakiitwi fd0, huitwa kama diski, mfano /dev/sdb. Andika lsblk na utafute kile cha MB 1.4 kabla ya kubonyeza Enter. Dd haiulizi mara mbili, na herufi moja ikikosewa diski yako imekwenda. Toa flopi, irudishe, kisha cmp dos.img /dev/fd0 (au jina uliloliona). Bila kuitoa utakuwa unasoma kumbukumbu ya Linux, si flopi.

Kwa CD, kiwango kiitwacho El Torito cha mwaka 1995 huifanya BIOS ijifanye ina flopi. Weka dos.img ndani ya folda cd, kisha:

genisoimage -o dos.iso -b dos.img -c boot.cat cd/

Ukubwa wa faili lazima uwe hasa wa flopi ya MB 1.2, 1.44 au 2.88, baiti zikizidi au kupungua hukataliwa. Usiongeze -no-emul-boot, hiyo ni ya mifumo mingine. Ikishawaka, picha hiyo ndiyo A:, isiyoandikika, na flopi halisi inasogea kuwa B:. Yaliyobaki kwenye CD hayataonekana hadi OAKCDROM na MSCDEX zipande, nazo zinahitaji SATA (kiunganishi cha diski cha kisasa) iwekwe katika hali ya IDE kwenye BIOS. Kwenye AHCI, hali ya kawaida ya SATA, OAKCDROM haioni kitu.

Kwa flashi, programu ya Rufus kwenye Windows ina chaguo la FreeDOS ndani yake. Chagua flashi, FreeDOS, MBR, FAT32, anza. Kila kilichokuwemo kinafutika. Kompyuta lazima iwe na hali ya kuwasha ya zamani, iitwayo Legacy au CSM, na Secure Boot izimwe. Zile zenye UEFI tupu, mrithi wa BIOS, haziwashi DOS kwa flopi, CD wala flashi, kwa sababu DOS hutegemea huduma za BIOS ambazo humo hazimo tena. Hapo kimbilio ni QEMU.

Iwapo itawaka, angalia herufi kabla ya kugusa chochote. BIOS nyingi huihesabu flashi kama diski ya kwanza, hivyo flashi ndiyo C: na diski ya kompyuta inakuwa D:. FDISK ikisema "disk 1" inamaanisha flashi, na FORMAT C: itafuta zana zako mwenyewe. Andika DIR C: na DIR D: kwanza, ulinganishe ukubwa, ndipo uendelee.